Wale Wanapokuwa Sisi: Ngeli na Kiumbe wa Sayari Nyingine

Walimu wenzangu na wanafunzi, makala haya yanahusu aina ya hadithi za kisayansi ambayo haipewi nafasi kubwa madarasani mwetu. Katika aina hiyo, kitabu cha kwanza humfuata binadamu anayekutana na viumbe wa sayari nyingine. Katika kitabu kinachofuata, mmoja wa viumbe hao hushika usimulizi mwenyewe. Hatutajishughulisha na vyombo vya angani. Swali letu ni la sarufi: Kiswahili hufanya nini pale "kile" anapoanza kusema "mimi"?

Mfano ulio wazi ni riwaya tatu za Octavia Butler, mwandishi wa Marekani: Dawn (1987), Adulthood Rites (1988) na Imago (1989). Katika ya kwanza tunamfuata Lilith, mwanamke anayeamka ndani ya chombo cha Oankali, viumbe waliowaokoa binadamu baada ya vita vya nyuklia na ambao sasa wanataka kuchanganya uzazi wao na wetu. Msomaji huona kinyaa pamoja naye. Katika ya tatu msimulizi ni Jodahs, mtoto wa mchanganyiko huo, naye husimulia kwa nafsi ya kwanza. Jodahs ni wa jinsia ya tatu, si mume wala mke. Mwili uliotutisha katika kitabu cha kwanza sasa ndio tunaoutumia kuonea dunia.

Kiingereza kilimlazimisha Butler kuwaita viumbe wa jinsia hiyo kwa kiwakilishi cha vitu, kwa kuwa vile vya watu hudai mume au mke. Mfasiri wa Kiswahili hana taabu hiyo, maana kiambishi a- hakitaji jinsia. Lakini ana taabu nyingine. Akiandika "kiumbe yule alisogea", amekwisha kumkaribisha mgeni katika jamii ya wenye uhai. Akiandika "kiumbe kile kilisogea", amemweka pamoja na viti na vikombe. Akiandika "dude lile lilisogea", hofu imeongezeka. Hakuna njia ya kukwepa: kitenzi chetu lazima kiseme mapema kama tumemkubali au hatujamkubali. Kisha kiumbe anapofungua kinywa, ngeli inatoweka. Ni- na tu- hazina ngeli. Mtu, mbu na jiwe lenye kusema wote husema "tulisogea". Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo nguvu ya mwendelezo wa namna hii kwa Kiswahili.

Nimetaja mbu kwa makusudi. Namwali Serpell, mwandishi wa Zambia, katika The Old Drift (2019), riwaya iliyopata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2020, amelipa kundi la mbu sauti ya pamoja inayoingia kati ya sura na kuwazungumzia binadamu.

Wasomaji wetu wa Nchelenge, na wale wa Kashikishi ambao husikia Kiswahili cha wafanyabiashara wanaovuka Ziwa Mweru kutoka Kongo, wana mfano wa karibu zaidi, tena usio wa kubuni. Mwezi wa Novemba 1867 Livingstone alifika Mweru, kisha mji wa Mwata Kazembe karibu na ziwa dogo la Mofwe. Shajara zake zilichapishwa mwaka 1874, na humo watu wa Mofwe ni "wao": wanatazamwa, wanapimwa, wanaelezwa. Mwaka huohuo wa 1867 Tippu Tip alipigana na Nsama wa Itabwa, mashariki ya ziwa, na baadaye akayasimulia kwa Kiswahili katika maisha yake, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Huyu ni msimulizi wa pili, lakini naye ni mgeni. Nsama na watu wake hawasemi "sisi" katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili. Kwa upande wa Mofwe mwendelezo ulikuja mwaka 1951, Mwata Kazembe XIV Chinyanta Nankula alipotoa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi kwa Kibemba, akisaidiana na Padre Edouard Labrecque. Ian Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1961.

Tazameni jina la kitabu hicho. Maana yake ni "wazee wangu wa kale na watu wangu". Nafsi ya kwanza imeingia tangu kwenye jalada, mara mbili. Tena ifikolwe, mababu wanaoheshimiwa, wamo katika ngeli inayolingana na VI- yetu, na kivumishi kinawafuata: fyandi. Vivyo hivyo Kibemba husema imbwa, mbwa, kwa upatanisho wa ngeli yake, bila kumvusha kwenye ngeli ya watu. Kwa hiyo dharau tunayoisikia katika "kiumbe kile" haikuzaliwa na ki- ya Kibantu. Ni mazoea ya Kiswahili, ambacho huvuta kila chenye uhai kwenye A-WA na hivyo kumwacha nje yule asiyevutwa. Mwanafunzi wa Nchelenge anayeandika "mbwa inalala" anafuata mantiki kamili ya lugha yake. Asahihishwe, ndiyo, lakini aelezwe sababu.

Kwa zoezi la darasani napendekeza Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anafika katika sayari ambayo jina lake, likitenganishwa, husomeka "wale ni sisi". Mwambieni mwanafunzi aandike kurasa mbili za mwendelezo, msimulizi akiwa mwenyeji wa sayari hiyo siku chombo kinapotua. Neno "binadamu" lisitumike. Wakati wa kusahihisha, pigieni mstari kila kiambishi kinachomhusu Dzombo, mwone ni katika sentensi ya ngapi ki- inageuka kuwa a-, na mumuulize mwandishi ni jambo gani lililomgeuza.