Kiwanja Kabla ya Nyumba: Komini na Makazi ya Bei Nafuu Gitega na Muyinga

Bunge la Burundi lilipopitisha, Januari 2019, sheria iliyoufanya mji wa Gitega kuwa makao makuu ya kisiasa huku Bujumbura ikibaki kitovu cha biashara, suala la makazi liliacha kuwa la Bujumbura peke yake, kwa kuwa kila ofisi inayohamia milimani huhama na watumishi wake, na watumishi hao hutafuta nyumba za kupanga katika mji ambao haukujengwa kwa kuwatarajia. Katika hali kama hiyo anayeumia kwanza si mtumishi mwenye mshahara, bali ni fundi, mchuuzi na dereva wa teksi ya baiskeli, ambao hupandishiwa kodi ya chumba hadi wakasogea pembezoni. Muyinga, mji wa kaskazini-mashariki ulio karibu na mpaka wa Kobero na Tanzania, unabanwa kwa namna nyingine: biashara ya mpakani huvuta watu, wakati mashamba yanayouzunguka yamekwisha kukatwakatwa na urithi wa kizazi baada ya kizazi.

Mzigo huu sasa unaiangukia komini, ambayo ni ngazi ya utawala yenye bajeti yake, baraza lake la kuchaguliwa na msimamizi wake. Sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa kwa uchaguzi wa 2025, ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi mitano na komini kutoka 119 hadi 42, na kwa mageuzi hayo Muyinga ilikoma kuwa mkoa, ikaunganishwa na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa mpya wa Buhumuza. Mji uliozoea kuwa na gavana wake umebaki na baraza la komini, na kwa upande wa makazi huenda hilo si hasara, maana komini iliyopanuka ina ardhi zaidi ya kupanga na walipa ushuru wengi zaidi.

Yanapotajwa makazi ya bei nafuu, wengi hufikiria nyumba zinazojengwa na serikali na kugawiwa wananchi. Burundi inao mfano wake katika mtaa wa Ngagara mjini Bujumbura, uliojengwa katika miaka ya 1950 na shirika la kikoloni la nyumba lililojulikana kwa kifupisho cha Kifaransa, OCAF. Njia hiyo hudai mtaji mkubwa ambao komini inayoishi kwa ushuru wa masoko haina, na hata mtaji unapopatikana, nyumba zilizokwisha kujengwa huelekea kwa wenye mishahara ya uhakika. Kilicho ndani ya uwezo wa komini ni kiwanja.

Tanzania ililijaribu jambo hilo katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kupitia mpango wa viwanja na huduma, yaani mpango ambao serikali hupima ardhi, huchonga barabara na kufikisha maji, kisha humwachia mwananchi ajenge mwenyewe kidogo kidogo kadiri anavyopata fedha. Sinza na Kijitonyama jijini Dar es Salaam zilipimwa kwa njia hiyo, na watafiti wa uchumi waliozilinganisha na mitaa iliyoota bila mpango wamekuta kwamba, miongo kadhaa baadaye, nyumba zake ni bora na mpangilio wake umedumu. Kasoro ni kwamba viwanja vingi viliishia mikononi mwa watu wa kipato cha kati. Dawa yake ni kiwanja kidogo: aliye na uwezo wa kununua nafasi kubwa havutiwi na kiwanja chembamba, ilhali kwa muuza nyanya hicho ndicho kianzio.

Ugumu wa Burundi ni kwamba ardhi ya kupimwa tayari ina wenyewe. Katiba hairuhusu mtu kunyang'anywa mali yake ila kwa manufaa ya umma na baada ya fidia ya haki, na fidia hiyo ndiyo inayozimaliza bajeti. Ipo njia ya kupunguza gharama, iliyotumika sana Japani, nayo ni upangaji upya wa ardhi kwa maafikiano: wenye mashamba jirani huyaunganisha, kila mmoja hutoa sehemu kwa ajili ya barabara na bomba, kisha hurudishiwa kipande kidogo zaidi lakini kilichopimwa na chenye thamani kubwa kuliko shamba zima la awali. Njia hii hudai vikao virefu na uaminifu wa msimamizi kuliko inavyodai fedha, na uaminifu huo, kusema kweli, nao si kitu rahisi kupatikana.

Hati nayo ni sehemu ya nyumba. Sheria ya ardhi ya Agosti 2011 iliziruhusu komini kuwa na ofisi zao za ardhi, ambazo hutoa cheti baada ya mipaka kukaguliwa hadharani mbele ya majirani, kwa utaratibu mwepesi kuliko ule wa hati ya kitaifa. Mwenye cheti hujenga kwa matofali pasipo hofu ya kuondolewa, na huweza kukopa kwa dhamana yake. Kwa kuwa urithi wa ardhi nchini bado unaongozwa na mila zinazomweka binti pembeni, komini inayosisitiza jina la mke liandikwe pamoja na la mume humlinda mjane asiyekuwa na kinga nyingine.

Kuhusu vifaa, Muyinga yenyewe ina la kufundisha. Maktaba iliyokamilika mjini humo mwaka 2012 kwa usanifu wa BC Architects wa Brussels ilijengwa kwa matofali ya udongo wa hapohapo, yaliyoshindiliwa kwa mashine za mkono, na ikaezekwa kwa vigae juu ya boriti za mkaratusi. Tofali la namna hiyo halipiti tanuruni, kwa hiyo haliteketezi kuni, na fedha inayolipwa hubaki kwa vibarua wa mtaani badala ya kufuata saruji. Komini inaweza kununua mashine chache na kuwaazima mafundi, na muhimu zaidi, inaweza kulitaja tofali hilo waziwazi katika kibali cha ujenzi kuwa ni kifaa halali.

Kibali hichohicho kinaweza pia kumruhusu mwenye kiwanja kujenga vyumba viwili vya kupangisha uani, na hilo si dogo, kwa sababu mgeni anayeingia mjini huanza kwa kupanga kabla ya kununua, na kodi anayolipa ndiyo humwezesha mwenye nyumba kumalizia paa lake.