Nani Alimwona Mwisho?

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, migomba na mibuni hukusindikiza hadi Ngaramtoni, halafu inakuacha. Ukifika Oldonyo Sambu upepo umeshabadilika. Engikaret ni vumbi tupu, na kuanzia hapo kuelekea Longido, Ketumbeine, Gelai hadi Ziwa Natron ni nyika ya migunga, mawe meusi na majivu ya volkano. Kinachoigawa nchi hivi ni Mlima Meru wenyewe, kwa kimo chake cha mita zaidi ya 4,500. Mawingu yanayopanda kutoka Bahari ya Hindi humwaga mvua kusini na mashariki mwake, kwenye mashamba ya Nkoaranga, Akeri na Poli. Upande wa pili hupata masazo. Ni mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka kwenye migomba hadi mahali ambapo mtu anaweza kutembea kutwa nzima bila kukuta maji.

Watu hupotea huko. Mara nyingi ni vijana wachungaji, na mara nyingi ni wakati wa ukame. Mvua zikikatika, kama zilivyokatika mwaka 2009 na kuangamiza mifugo mingi Longido, Monduli na Ngorongoro, ng'ombe hawawezi kubaki karibu na boma. Vijana wawili watatu huondoka nao kwenda kukaa kambi ya muda, ambayo Wamaasai huiita ronjo, mbali na mama zao na mbali na njia wanazozizoea. Ng'ombe mwenye njaa hatulii. Kundi likitawanyika jioni, kijana analifuata, giza linamkuta upande asioujua, na kibuyu chake hakina kitu.

Nimeishi na kusikiliza habari za utafutaji wa namna hii kwa muda mrefu, na nimefikia jambo moja ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Tunapowasifu Wamaasai tunasifu macho yao: wanavyosoma nyayo, wanavyotambua ng'ombe kwa mbali. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini kinachomwokoa aliyepotea ni desturi za kila siku zilizokuwa zikifanya kazi kabla hajapotea, desturi ambazo mpita njia huziona ni adabu tu.

Dalili ya kwanza ni ng'ombe kurudi wenyewe. Anayeitambua kabla ya wote huwa ni mwanamke, maana yeye ndiye anayekamua. Anajua ni yupi aliyerudi na yupi bado, anajua kama wamekunywa maji au la, na kiwele kinamweleza kama siku ilikuwa ya malisho au ya kuzurura. Mama akisema "hawa leo hawakuchungwa," hakuna mzee anayembishia. Na kama ni ronjo, ambako hakuna mama, basi wenzake huyo kijana wanajua kwa sababu ya maziwa. Morani hanywi maziwa peke yake. Sharti awepo mwenzake. Mgeni huona ni mwiko wa ajabu kidogo. Lakini angalia unafanya nini: kila mlo ni mahudhurio. Kijana hawezi kukosekana siku mbili bila mtu kulala njaa kwa ajili yake au kwenda kumtafuta wa kunywa naye.

Hapo ndipo linapoingia rika. Wamaasai, na Waarusha waliohamia miteremko ya Meru kutoka Arusha Chini katika miaka ya 1830, wana mfumo mmoja wa marika. Vijana wanaotahiriwa katika kipindi kimoja huwa rika moja lenye jina lake, na jina hilo huwafuata hadi kaburini. Ukizungumza na wazee wa Arusha utasikia Seuri, Makaa, Landis, Korianga; mtu anatajwa rika kabla hajatajwa ukoo. Mwanarika akifika boma asilolijua, anauliza nyumba ya mwenzake wa rika na anapokelewa humo, hata kama hawajaonana tangu wazaliwe. Analala, anakula, na kesho yake mwenyeji anajua alikotoka na anakokwenda. Kila alikolala kuna shahidi.

Ndiyo maana kazi ya kumtafuta aliyepotea humwangukia rafiki wa rika lake kabla ya kaka au baba. Baba ana mamlaka, ndiye mwenye kuita kikao na kutoa watu. Lakini kati ya baba na morani kuna heshima, na heshima huficha mengi. Baba hajui kwamba kijana wake ana msichana ng'ambo ya korongo. Hajui kwamba alikuwa na ugomvi wa maji kwenye kisima fulani, au kwamba alishawahi kusema akichoka na ng'ombe atakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya ulinzi. Rika lake linajua yote. Wazee wakikaa chini ya mti, wanamwita huyo rafiki na kumwuliza, na hapo ana ruhusa ya kusema mambo ambayo siku nyingine angeyameza. Nadhani hii ndiyo sehemu ngumu kuliko kutembea juani: kuamua ni siri ipi ya mwenzako uitoe ili apatikane hai.

Wakitoka, hawatoki mmoja mmoja. Ule mwiko wa maziwa unatosha kuwalazimisha wawe wawili, na fisi wanamalizia. Kinachofuata kwa mtu asiyejua kingeonekana ni kupoteza muda, kwa kuwa kila wanapofika wanasalimiana kwa kirefu. Kwa mama wa boma, yeyo, huwa hivi:

"Yeyo, takwenya."

"Iko. Mmetoka wapi?"

"Engikaret."

"Huko kuna majani?"

"Hakuna, Yeyo. Wenye ng'ombe wamevuka kwenda Tinga Tinga. Kisima cha korongoni kimebaki na matope."

"Na watoto wenu?"

"Wazima. Mmoja ndiye tunamtafuta. Rika letu. Ana shuka ya bluu, fimbo, hana mbwa."

"Juzi usiku mbwa walibweka upande ule wa mawe. Sikutoka. Muulizeni mwanangu, yuko na mbuzi pale chini, alisema ameona nyayo za mtu asiyekuwa na mifugo."

Katika maneno hayo machache wamebadilishana hali ya malisho, ya maji, ya njia na ya watu wa nusu wilaya. Hiyo ndiyo salamu ya nyika. Haina haraka, na haikubali jibu la "nzuri" la kwetu mjini ambalo halisemi lolote. Mtu wa nyikani anadaiwa habari na kila anayekutana naye. Kwa hiyo aliyepotea ameacha nyuma yake mfululizo wa watu waliomwona: aliyemsalimia kisimani, aliyemkaribisha usiku, mtoto aliyeona mtu asiye na mifugo na akashangaa. Kutafuta ni kuufuata mfululizo huo hadi unapokatika. Hata jibu la "hatukumwona" lina thamani, kwa kuwa boma ambalo halikumwona linafunga upande mmoja wa nchi.

Pale mfululizo unapokatika ndipo nyayo zinapoanza kazi. Wafugaji wengi huvaa makatambuga, viatu vinavyokatwa kwenye matairi chakavu ya magari na pikipiki. Havifanani. Fundi mmoja amekata kwenye tairi la lori lenye vijiti vinene, mwingine kwenye tairi la pikipiki lenye vinundu. Kisigino cha mmoja kimelika upande wa nje kwa sababu ya mwendo wake, misumari ya mwingine imechomoza. Rafiki aliyelala na wewe ronjo moja ameviona viatu vyako vimekaa mlangoni kila usiku. Anajua alama yako kama anavyojua sauti yako. Akiiona kwenye vumbi anajua ulikuwa unatembea au unakimbia, ulikuwa na mzigo au umechoka na unaburuta mguu, na kama umande wa asubuhi umeshaigusa au bado. Mtu mwenye kiu, wazee husema, huanza kukata njia iliyonyooka na baadaye huzunguka. Wakiona nyayo zimejikata zenyewe wanaacha kuzifuata na kukimbilia maji yaliyo karibu, au kivuli kikubwa kilicho karibu.

Nchi yenyewe ina tabia mbili kuhusu nyayo. Kusini mwa Ziwa Natron, pale Engare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoganda kwenye majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita. Aliyezigundua alikuwa mwenyeji wa kijiji, wanasayansi walifuata. Wamezisoma na kusema kundi moja humo lilikuwa la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja, wengi wao wanawake. Mchungaji yeyote angewaambia hilo la kutembea pamoja. Upande wa Ngorongoro, karibu na Oldupai, kuna kilima cha mchanga mweusi wa volkano hiyo hiyo ambacho upepo hukisukuma mita kumi na kitu kila mwaka. Huko unyayo wa asubuhi haufiki mchana. Kijana aliyepotelea kwenye majivu yenye upepo hana cha kumtetea isipokuwa watu waliomwona.

Upande wa pili wa Mlima Meru mambo ni tofauti, na sitalazimisha yafanane. Wameru wanaishi nyumba kwa nyumba katikati ya migomba, na anayepotea kwao huenda amepotelea msituni, juu, kwenye nyati na ukungu, ambako leo sehemu kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Huko jicho halifiki mbali, kwa hiyo kazi hufanywa na sauti. Yowe likipigwa jirani analipokea na kulipeleka mbele, wanaume wanatoka na mapanga na tochi, na washili, viongozi wa koo, wanapanga ni ukoo gani upande kwa njia ipi. Asiyetoka kwenye yowe ana maswali ya kujibu siku nyingi baadaye. Njia hizi mbili hukutana Ngarenanyuki, upande mkavu wa Wameru, mahali ambapo serikali ya kikoloni iliwafukuza watu mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi. Familia zilitawanyika, na mwakilishi wao Kirilo Japhet alipeleka kilio chao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Watu wa pale wanajua kupiga yowe na wanajua kufuata nyayo.

Siku zikizidi, wapo wanaokwenda kwa laiboni, mtabiri wa Kimaasai. Atatikisa kibuyu chake cha mawe, ayamwage, ahesabu, na aseme upande. Wapo wanaokwenda kanisani, maana miteremko ya Meru imejaa Walutheri, na wapo wanaofanya yote mawili bila kuona tatizo. Sina neno la kuwahukumu. Mtu ambaye rafiki yake hajapatikana siku ya sita hahitaji kuulizwa imani yake ni ipi.

Akipatikana, hapewi maji mengi kwa mara moja. Anapewa maziwa kidogo kidogo. Wazee wanamtemea mate ya baraka. Wenzake wanakaa naye, kwa kuwa sasa wanaweza kunywa.

Asipopatikana, mambo ni mazito kwa namna ambayo mtu wa mjini haelewi haraka. Kwa desturi ya Kimaasai jina la marehemu halitajwi ovyo. Waandishi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta hata neno la kawaida lililofanana na jina hilo likibadilishwa. Na zamani wengi hawakuzikwa, bali waliachiwa nyika, kaburi likiwa la wazee wakubwa. Kwa hiyo huwezi kuonyeshwa kaburi na ukaelewa kwamba mtu amekwenda. Unaelewa watu wanapoacha kulitaja jina. Kulitaja jina la aliyepotea, kulipaza kwenye makorongo, ni kusema yu hai. Kwa niliyoyaona, wa mwisho kuacha ni rika lake. Ndugu huchoka mapema kidogo, kwa sababu kuna mifugo, kuna wajane watarajiwa, kuna mirathi. Rafiki hana cha kurithi.

Sheria ya nchi nayo ina kipimo chake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kudhaniwa kwamba mtu amekufa ikiwa hakusikika kwa miaka mitano na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake kama angekuwa hai. Bila kukusudia, mtunga sheria ameuliza swali lile lile la nyikani: nani alipaswa kuwa na habari zake, na kwa nini hana?

Swali hilo sasa linaulizwa zaidi mijini. Vijana wa Longido, Monduli na Simanjiro wamejaa Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar, wakilinda maduka na mahoteli, wakisuka nywele, wakiuza dawa za miti shamba. Huko mtu analala chumba cha kupanga, anakula mkahawani peke yake, na jirani yake anajibu salamu kwa neno moja. Anaweza kutoweka wiki tatu na asiyemdai kodi asijue. Ninaamini mji umewapoteza vijana wengi zaidi wa nyika hii kwa ukimya kuliko jua la Natron.

Lakini rika limewafuata. Tangazo la aliyepotea linasomwa kwenye redio ya jamii, linafikishwa kwa mdomo kwenye minada ya Kisongo na Meserani, na linatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wanarika: picha, ukoo, rika, shuka aliyovaa, mahali alipoonekana. Majibu yanaanza kuingia kutoka Namanga, Mto wa Mbu, Kariakoo, Nungwi. Aliyemwona anaandika lini na wapi. Asiyemwona naye anaandika: niko hapa, sijamwona.