Picha Nzuri ni Ipi? Muulize Bibi wa Kivinje

Likizo ya mwaka juzi nilikwenda Kilwa Kivinje na simu mpya pamoja na majigambo ya mtu wa chuo. Nikampiga Babu picha barazani: kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa nyuma yake, jua la saa saba mchana. Nikaona imetoka bomba. Miezi michache baadaye Babu akafariki, na tulipotafuta picha ya kutundika sebuleni, ikapatikana hiyo hiyo tu. Kanzu inang'aa, uso ni kivuli.

Kwa nini? Kamera haijui inamtazama nani. Inapima mwanga wa picha nzima na kuuvuta kwenye wastani. Ikikuta weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Chokaa ikapona, uso wa Babu ukalipa. Tatizo la uso mweusi halikuanza na simu. Enzi za filamu, maabara nyingi zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, maarufu kama kadi za Shirley.

Binamu yangu akaipitisha picha kwenye programu ya kung'arisha sura. Babu akatoka mweupe, hana hata kunyanzi moja. Bibi akaitazama weee, akauliza: "Mjukuu wangu, huyu ni nani?"

Tangu hapo nauliza watu picha nzuri ya mtu ni ipi. Mwenzangu wa hosteli anasema ni ya kuibia: mtu anacheka, hana habari, nyuma ukungu. Mpiga picha za paspoti anasema uso mbele, masikio yaonekane, basi. Bibi anataka mtu asimame wima, nguo ionekane, miguu isikatwe.

Zamani nilimcheka Bibi. Lakini Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwapiga watu wakiwa wamejipanga na nguo zao bora, saa na redio. Leo picha zake zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa duniani. Mtu kuchagua aonekane vipi nako ni ukweli wake.

Kwa hiyo kila mmoja ana hoja, ila sharti ni moja: uso usomeke, kwa rangi yake.

Ukienda nyumbani, mtoe mzee juani. Muweke kwenye kivuli cha mlango au mwembe, mwanga umjie kwa mbele. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, kisha pandisha mwanga taratibu mpaka macho yaonekane. Kanzu ikipauka kidogo, iache. Muulize anataka akae vipi. Piga mbili, moja yako, moja yake. Halafu nenda kaisafishe, isife na simu.

Bibi nimempiga Desemba, mlangoni, kasimama wima, miguu yote miwili ipo. Kaitundika pembeni ya ile ya Babu. Ile yenye giza.