Chuma Kipya, Spana Kwanza

Oya wana, hakuna siku tamu kwa msela wa Suguti kama ile ya kwenda Musoma mjini kuchukua chuma chake, pikipiki mpya. Mkwanja umeutoa kwenye dagaa au kwenye mihogo, au tajiri amekubali msaini mkataba, uwe unaleta hesabu kila siku hadi chuma kiwe chako. Siti bado ina nailoni. Tangi linang'aa mpaka unajiona sura. Wana wa kijiweni wanapiga simu kila saa: umefika wapi, tuandae mapokezi? Mzuka umepanda kinoma. Msala unaanzia hapo hapo, maana mtu mwenye mzuka haangalii nati.

Wahenga walishasema: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Mimi nasema mkali wa chuma anajulikana pale dukani, kabla hajapiga kiki. Anayechuchumaa na spana, akapapasa waya mmoja mmoja huku watu wanamwangalia, huyo ndiye mwana wa kumpa heshima.

Kwa nini kipya kikaguliwe?

Boxer na TVS zinatoka India, SanLG na Haojue zinatoka China. Nyingi zinasafiri baharini ndani ya makasha, zikiwa zimefunguliwa ili zisile nafasi. Tairi la mbele, hendeli, saitimira, betri: vitu vya namna hiyo vinafungwa huku huku, na fundi ambaye pengine ana makasha mengine yanamsubiri. Kiwanda kinaweza kuwa kimepiga kazi safi, lakini nati ya mwisho inakazwa na mkono wa mtu mwenye haraka. Halafu chuma kikianza kutembea, spoku zinajikalisha, nyaya zinanyooka na cheni inalegea. Kwa hiyo upya wenyewe ndio sababu ya kukagua.

Na sisi wa huku tuna sababu ya ziada. Mwana wa mjini akinunua, safari ya kwanza ni kuzunguka mtaa. Mwana wa Suguti safari yake ya kwanza ni kurudi nyumbani, kwa barabara ya kwenda Makojo na Busekera. Ukiiacha lami unakutana na changarawe, vumbi la kuziba macho, na mawe. Mvua ikipiga, udongo mweusi unanasa tairi kama gundi. Ekseli ikilegea katikati ya safari hiyo, duka la vipuri liko mbali na jua linazama.

Hata wanaopanda mawe kwa mchezo tu hukagua kwanza. Huko Uskoti kuna mashindano yanaitwa Scottish Six Days Trial, yalianza mwaka 1909. Watu wanapanda miamba na kuvuka mito kwa pikipiki nyepesi, tena wamesimama. Ukigusa chini kwa mguu mara moja unabebeshwa pointi 1 ya adhabu. Ukishindwa kabisa kupita, pointi 5. Wale jamaa hawagusi jiwe kabla hawajakagua chombo, kwa sababu wanajua kinakwenda kupigwa. Sasa angalia mawe ya Majita, angalia makorongo yetu masika. Wao wanacheza na wanarudi hotelini. Wewe unapita kwenye mawe ya huku na abiria nyuma na gunia la udaga kwenye keria. Nani anatakiwa kukagua zaidi?

Anza na karatasi

Kabla ya spana, soma namba. Namba ya chasi imepigwa kwenye shingo ya fremu, na ya injini iko kwenye injini yenyewe. Zilinganishe na zilizo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Ikipishana hata moja, usitoke dukani. Utakuja kuumia siku ya kuuza, au siku trafiki akikusimamisha. Hakikisha bima ipo. Kama ni chuma cha biashara, jua kwamba leseni ya kubeba abiria iko kisheria tangu kanuni za 2010, na tangu 2019 mamlaka inayosimamia leseni hizo ni LATRA badala ya SUMATRA.

Sasa shika chuma

Weka stendi kubwa, kisimame sawa. Oili kwanza, kabla ya kuwasha. Usikubali neno "imeshawekwa"; angalia kwa macho yako kwenye kijiti au kioo chake. Injini ikiwashwa bila oili inajitafuna ndani, na hakuna waranti itakayokutetea kirahisi.

Nenda tairi la mbele, maana ndilo mara nyingi hufungwa huku. Nati ya ekseli ijaribu kwa spana, vidole haviwezi kukuambia ukweli. Nyanyua mbele, zungusha tairi: lisiyumbe, lisikwaruze. Gonga spoku kwa bisibisi. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Kisha shika shokapu mbili za mbele kwa chini, vuta na sukuma. Ukisikia mgongano wa "ko", beringi za shingo zina nafasi na hendeli itakuyumbisha kwenye changarawe. Upepo wa tairi pima kwa geji. Kiwango kiko kwenye kitabu, na cha nyuma huwa juu zaidi ukipakia.

Jaribio moja usiliruke kamwe. Washa chuma kikiwa frii, kiache kingurume taratibu, halafu kata hendeli kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Injini ikipandisha sauti yenyewe, waya wa eksileta umebanwa au umepitishwa vibaya. Wazia hilo likutokee unapokata kona, na ng'ombe wako mbele. Eksileta ukiiachia irudi yenyewe, chap, hendeli ikiwa upande wowote.

Breki: bonyeza ya mkono, kanyaga ya mguu, huku unasukuma chuma kwa miguu. Zishike zote mbili, na ukiachia tairi lizunguke huru. Fuata fimbo ya breki ya nyuma hadi kwenye ngoma, uone nati yake na pini zipo. Klachi iwe na mchezo kidogo kabla haijaanza kuvuta. Cheni ipandishe na uishushe kwa kidole katikati: ikikaza kama waya wa gitaa itakula sproketi na beringi, ikining'inia itaruka. Izungushe yote, maana inaweza kulegea upande huu na kukaza upande ule.

Umalizie umeme: taa kali na hafifu, indiketa nne, taa ya breki kwa mkono na kwa mguu, honi, starta. Tikisa betri kidogo. Vichwa vyake visicheze. Inama uangalie chini: tone la oili au la petroli ni kasoro, hata kama muuzaji anasema itakauka.

Ukikuta kasoro, iseme hapo hapo, irekebishwe hapo hapo, na isiyorekebishika iandikwe kwenye risiti. Usione noma. Umetoa mamilioni, hujaomba lifti. Kama hujui spana, nenda na fundi unayemwamini, mlipie nauli na msosi. Hela hiyo ni ndogo kuliko shokapu moja.

Safari ya kurudi

Vaa kofia ngumu na ufunge kamba. Usibebe mtu. Tembea mdogo mdogo, spidi ya kupandisha na kushusha, usiikamue. Ukifika Mugango, simama. Gusa tena nati za ekseli, hendeli na eksozi, angalia cheni na chini ya injini. Ukifika nyumbani rudia. Kilomita 1,000 za mwanzo chuma kinajifunza kazi, kwa hiyo mizigo ya kukomoa isubiri. Sevisi ya kwanza, ambayo vitabu vingi vinaiweka karibu na kilomita 500, usiisogeze kwa sababu ya hesabu ya tajiri. Mwambie tajiri wazi: oili ya kwanza inatoka na vumbi la chuma, tukiichelewesha tunaua mali yako na ajira yangu.

Haya yote si ya kwako peke yako. Usiku wa manane mama mwenye uchungu wa kujifungua atakuja kugonga mlango, kwa sababu chuma chako ndio usafiri wa karibu. Hawezi kukagua ekseli. Amekuachia wewe kazi hiyo.

Basi wana, tuweke utaratibu kwenye vijiwe vyetu, kuanzia Suguti hadi Bunda na Butiama. Mwenzetu akileta chuma kipya, hongera zisubiri kwanza. Tuweke stendi kubwa, spana zitoke, kila mtu akague upande wake. Kikishakuwa fiti, hapo ndipo tupige honi.