Siku Tano Ufipa

Wanachama wenzetu, wengi wenu mmetaka tuandike habari za safari yetu ya Ufipa, na wengine mmetuuliza kwa mzaha kama huko nako tumekuta mikarafuu. Hatukukuta hata mmoja. Ufipa ni nchi ya nyasi. Ukishapita Tunduma na kushika njia ya Laela, waona vilima vimelala kama migongo ya ng'ombe, rangi ya manjano, na upepo wapita juu yake bila ya kuzuiwa na kitu. Sisi tuliozoea kufunikwa na miti pande zote tulijiona kama watu waliovuliwa kofia.

Tulikuwa watu sita. Kila mtu alijilipia nauli, na tulichagua mwezi wa Juni kwa sababu kazi ya kuchuma ilikuwa bado haijatuita. Kutoka Dar es Salaam mpaka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100. Zamani kipande cha mwisho cha njia hiyo kilikuwa adhabu. Sasa kimetiwa lami, na taabu iliyobaki ni ya kukaa tu. Tulifika usiku, na jambo la kwanza tulilolijua la Ufipa ni baridi yake, maana mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mwenzetu mmoja, ambaye hatumtaji kwa kuwa naye ni msomaji wa karatasi hii, alilala na koti, soksi na kilemba. Atakayekwenda baada yetu na achukue sweta mbili.

Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu, Mfipa wa hapo hapo, mtu wa maneno machache asubuhi na mengi baada ya chai. Alianza na jina la mji. Sumba wanga, alisema, maana yake ni tupa uchawi: anayeingia na autupe kwanza ndipo apite. Tulimwambia kuwa Pemba nayo husingiziwa mambo hayo hayo tangu zamani. Akacheka mpaka akatoa miwani, akasema basi tutaelewana.

Siku ya kwanza tulizunguka sokoni. Mahindi, maharage, ulezi, na migebuka na dagaa waliopanda kutoka ziwa Tanganyika. Mkoa wa Rukwa ni mmoja katika mikoa inayolisha Tanzania kwa nafaka, nanyi mwajua kuwa mkulima akikutana na mkulima, salamu ya pili ni bei. Mama mmoja aliyekaa juu ya magunia yake alituambia kuwa mwaka wa neema ndio mwaka wa huzuni, kwa sababu mahindi yakijaa bei huanguka. Hatukuwa na la kumfundisha.

Siku ya pili tulipelekwa upande wa Milanzi, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, yenye jina la ufalme wa kale kabisa wa Ufipa. Wafipa wasimulia kuwa mwene wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni akaweka kiti chake Milansi. Baadaye walikuja wanawake wageni, Watwaci, watu wa kusafiri. Mwene wa wakati huo alikuwa anatoka kwenda kuwinda, akamwambia mkewe: wakija wageni usiwape kiti changu. Wageni wakaja. Mke akaingiwa na haya mbele yao, akawapa kiti. Mwene aliporudi akakuta mambo yamekwisha: nchi ikawa ya wageni, yeye akabakiwa na Milansi na kazi ya kuiombea nchi. Kutoka kwa Watwaci hao ndipo zilipotoka falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na jina la ile ya kwanza mwalisikia mpaka leo katika wilaya ya Nkasi. Hatukumaliza kubishana njiani kama yule mke alikosea. Asiyempa mgeni kiti ni mtu gani?

Mchana tuliomba tuonyeshwe kilimo, na hapa tunataka mabwana shamba wetu wasome kwa makini. Wafipa wana namna ya kulima kwa vichungu vya majani, navyo huviita intumba. Mvua zikielekea kwisha, mkulima hukata udongo pamoja na nyasi zake, akaupindua, nyasi zikabaki ndani na udongo nje, akajenga kichungu cha mviringo, kimoja baada ya kimoja, shamba zima. Juu yake hupandwa maharage au kunde. Nyasi zikiwa gizani huoza, na mvua za mwaka wa pili zikija vichungu huvunjwa na kutandazwa, hapo tena hupandwa ulezi au mahindi. Hakuna moto uliowashwa, wala mbolea iliyonunuliwa. Nchi haina miti ya kukata na kuchoma, kwa hiyo waliila nyasi yao wenyewe, kama tusemavyo. Siku hizi vichungu vimepungua kwa ajili ya jembe la ng'ombe na mbolea ya mfuko, lakini tuliviona kwa macho yetu, na mzee aliyekuwa akivunja chake alitupa jembe tujaribu. Tulivunja vitatu, tukamrudishia kwa heshima.

Jembe hilo ndilo lililotupeleka kwenye jambo la siku ya tatu, na hilo tumelikusudia kuliko yote.

Tulikwenda kaskazini, njia ya Namanyere, kisha tukaacha barabara na kutembea kwa miguu muda wa saa moja. Katikati ya shamba la mahindi yaliyokwisha vunwa limesimama ilungu. Likiwa moja ni ilungu, yakiwa mengi ni malungu. Ni tanuri la kuyeyushia chuma, lililojengwa kwa udongo, pana chini na jembamba juu, lenye urefu wa mita 3 hivi, yaani mtu ampande mwenziwe mabegani ndipo ataufikia mdomo wake. Chini limezungukwa na milango midogo. Wajenzi walipenda udongo wa vichuguu vya mchwa, kwa kuwa huo hukamatana. Ndani walipanga mkaa na mawe ya chuma, tabaka kwa tabaka, na katika milango ya chini walitia mirija ya udongo. Mivukuto haikutumika hapo. Moto ukishashika, hewa ya moto hupanda juu na kuvuta hewa baridi kutoka chini, na tanuri likajipulizia lenyewe mchana na usiku. Chuma kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilitiwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi, kabla ya nyundo kukigeuza jembe au shoka.

Kazi ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno. Wafuaji walihama majumbani wakalala porini, na siku hizo hawakuwakaribia wake zao, kwa kuwa tanuri lenyewe lilihesabiwa kuwa mke. Lilipambwa kama bibi harusi, dawa zikazikwa chini yake, na chuma kikitoka ndiye mtoto aliyezaliwa. Majembe ya Ufipa yalibebwa kwenda kwa majirani wa pande zote. Wataalamu waliochimba na kupima, miongoni mwao Profesa Bertram Mapunda wa Tanzania, wameonyesha kuwa nchi hiyo ilijua zaidi ya namna moja ya kuyeyusha chuma, malungu yakiwa namna moja tu.

Tulimwuliza mwalimu nani aliyeyazima. Akasema hakuna aliyeyazima. Majembe ya kiwandani yalikuja kutoka Ulaya, yakapitia pwani, yakauzwa kwa bei ambayo mtu aliyelala porini wiki nzima kwa ajili ya jembe hawezi kuishinda. Ilipofika miaka ya 1930, kijana aliyetaka kuona ilungu likiwaka ilimpasa awaombe wazee wamwashie kama maonyesho. Mwalimu mwenyewe babu yake alikuwa mfuaji, na yeye hakupata kuona moto wake.

Mwenye shamba alitokea, akapiga makofi polepole kwa heshima kama desturi yao, tukasalimiana. Kila mwaka hulima kulizunguka tanuri na kuliachia duara la nyasi. Alituonyesha upande wa magharibi ambao mvua zilizopita ziliubomoa, na mahali ambapo ng'ombe hujikuna. Watu wamekwisha kuja, alisema, wakapiga picha, wakaahidi kurudi na paa. Huo ni mwaka wa ngapi sasa hakumbuki. Hapo sisi wenyewe tuligawanyika. Wengine walisema chama cha kijiji kijenge paa la makuti na kuchukua kiingilio. Wengine, na mwandishi ni mmoja wao, tuliona paa ni jambo jema lakini litahifadhi udongo tu; lililo bora ni vijana wajenge jipya pembeni, waliwashe mara moja kila kiangazi, washindwe, na wajaribu tena, wakati wako bado wazee waliosikia habari zake kutoka kwa waliofanya. Mwenye shamba alisikiliza pande zote mbili, kisha akauliza mkaa utakatwa wapi, naye ana haki, kwa sababu tulikuwa tumesimama mahali ambapo mti wa karibu ulionekana kama kidole.

Siku ya nne tulipita Matai mpaka maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Maji yaanguka zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja, na korongo hutaga katika miamba. Kwa ajili ya hayo tu safari inatosha. Lakini juu ya maporomoko, upande wa Zambia, palichimbwa mwaka 1953 na kuendelea na J. Desmond Clark, na mwaka 2019 wachimbaji wengine wakatoa magogo mawili, moja limekatwa pengo likalalia jingine, kazi ya mikono. Habari zake zilitangazwa mwaka 2023: umri wake ni miaka 476,000, kabla ya kuwapo watu wa namna yetu. Mwenzetu ambaye ni seremala wa ngazi za kuchumia alitaka kujua kama pengo lilikatwa kwa kushoto au kwa kulia. Hakuna aliyemjibu.

Siku ya tano tuliteremka Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mkubwa unaoanguka kuelekea ziwa Rukwa, kwa njia ya Ntendo mpaka Muze. Kwa muda mfupi baridi yote ilituacha, tukavua sweta, na tukaona minazi michache, ikatufurahisha kuliko ilivyostahili. Bonde hili lilikuwa nchi ya pamba, na Wafipa walisifika kwa kufuma nguo zao wenyewe. Livingstone alipopita Ufipa mwaka 1872 na Thomson mwaka 1880 vitambaa hivyo vilikuwa bado vyafumwa. Kisha nguo ya amerikani, iliyoteremshwa bandarini Unguja na kubebwa na misafara, ikafanya kwa vitambaa kama majembe ya Ulaya yalivyofanya kwa malungu.

Mzee tuliyemkuta hapo kibarazani alikuwa na miaka mingi na masikio mazuri. Mwalimu alipomwambia tumetoka Unguja na Pemba alinyamaza, kisha akauliza kwa upole: "Basi nyie ndio mnakotoka watu wa misafara. Walileta nguo, tunajua. Waliochukuliwa, walikwenda wapi?"

Twasema kweli, wanachama wenzetu, hatukuwa tumejitayarisha kwa swali hilo. Tulimjibu kama tujuavyo. Mwezi wa Aprili mwaka 1872, miezi michache kabla Livingstone hajapita Ufipa, tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika, na mashamba yakapandwa huko kwa wingi. Kupanda kulitaka mikono. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Wengi wa waliofanya kazi mashambani waliletwa kutoka upande wa Nyasa, wengine kutoka pande za ziwa Tanganyika. Walizaa, wakazikwa, na wajukuu wao ni sisi kwa sisi. Wamo katika chama hiki, na wamo wenye mashamba.

Mzee akatikisa kichwa. Ndipo mkubwa wetu katika msafara, mtu wa Pemba, akasema jambo ambalo hatukupata kumsikia akilisema katika miaka yote ya mikutano. Bibi wa bibi yake aliitwa kwa jina lisilo la Kiswahili wala la Kiarabu, na katika ukoo wao hakuna aliyejua maana yake. Jina hilo hatuliandiki hapa, ni lao. Alilitamka. Mzee akamwomba alirudie, akalitamka na yeye, akabadilisha sauti ya mwisho, akamwuliza mwalimu kwa Kifipa, wakajadiliana kwa muda mrefu.

"Si la kwetu," mwalimu alitufasiria. "Anasema huenda ni la ng'ambo ya ziwa. Lakini yuko shangazi yake Kirando, ambaye anajua majina ya kule. Atampelekea."

Mkubwa wetu aliliandika katika karatasi kwa herufi kubwa, na mzee akaikunja na kuitia mfukoni. Jua lilikuwa linashuka, na dereva alikwisha kutuonya kuwa ukingo ule haupandwi gizani, basi tukaagana.