Shada la Krismasi kwa Sweta Kuukuu: Sikukuu Isiyoacha Deni

Mwezi wa Desemba ni mwezi wa furaha, lakini mwezi unaoufuata ni mwezi wa karo, sare za shule, mbegu na mbolea. Kila mkulima anajua hivyo, na hata hivyo kila mwaka wengi wetu hushikwa kama watu ambao hawakuonywa. Mimi pia nilishikwa. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu, kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua hesabu.

Krismasi moja niliamua nyumba yetu ipendeze. Nilinunua taa za kumetameta, vitambaa vya kung'aa, na shada la plastiki la kutundika mlangoni. Shada hilo peke yake lilikula pesa za lita 20 za maziwa. Watoto walifurahi, nami nikajiona mkubwa. Januari ilipofika karo haikutosha, ikanibidi nipeleke mnadani mtamba wetu aliyekuwa na mimba ya miezi mitano. Sasa kila mtu anajua mnada wa Januari ulivyo. Wauzaji ni wengi, wote wana barua ya shule mfukoni, na wanunuzi wanalijua jambo hilo vizuri. Nilichukua bei niliyopewa. Yule mtamba alizaa mwezi wa Mei kwa jirani, na hata leo wakati wa kukamua nasikia ndoo zake ng'ambo ya ua.

Sisemi kwamba shada lilimwuza mtamba wangu. Lakini vitu vidogo vidogo vya namna ile vilipojumlishwa ndivyo vilivyomwuza. Ndiyo sababu mwezi huu nataka kuwaeleza jinsi ya kutengeneza shada zuri nyumbani bila kununua karibu kitu chochote.

MASHADA HAYAKUANZIA DUKANI

Kule Ulaya, wakati wa baridi kali miti mingi hupukutika majani yote. Watu walikuwa wakichukua matawi ya miti inayobaki kijani na kuyasuka duara, ili nyumba ipate uhai kidogo. Mwaka 1839 mchungaji mmoja Mjerumani, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini katika nyumba moja karibu na mji wa Hamburg, alichukua gurudumu kuukuu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake. Kila siku mshumaa mmoja uliongezwa kuwashwa, na watoto wakahesabu hivyo siku zilizobaki mpaka Krismasi.

Basi angalieni: mtu huyu hakwenda dukani. Alitazama nyuma ya nyumba akaona gurudumu. Nasi tukitazama nyuma ya nyumba zetu tutaona mengi.

SWETA LA SHULE

Mwaka uliofuata binti yetu aliuliza, "Baba, mwaka huu hatuna shada?" Lile la plastiki lilikuwa limekwisha kupauka kwa jua na kuvunjika. Nilinyamaza. Mama watoto akasema, "Litakuwapo, mwanangu. Niletee lile sweta la kaka yako." Lilikuwa sweta la shule la kijani, limetoboka viwiko, na mwenyewe amekua amelipita. Tulikuwa karibu kulifanya kitambaa cha kufutia baiskeli. Pamoja nalo alitwaa kofia nyekundu ya mtoto iliyokuwa imechanika.

Hivi ndivyo alivyofanya, nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo.

Vitu vinavyohitajiwa: sweta moja kuukuu; kitu kingine kidogo cha uzi chenye rangi tofauti; matawi membamba yanayopindika; maganda makavu ya mahindi au matambara; kamba ya katani; gunzi moja; mkasi; na shazia, ile sindano ya kushonea magunia.

1. Chagua sweta. Tazama mishono ya ubavuni kwa ndani. Ikiwa kila kipande kilifumwa peke yake kisha vikashonwa pamoja, sweta hilo litafumuka vizuri. Lakini ikiwa kitambaa kilikatwa kwa mkasi na ukingo wake ukazungushiwa nyuzi za cherehani, liache, maana utapata vipande vifupi vifupi tu.

2. Fumua. Kata uzi wa mshono pole pole, uvitenge vipande. Mara nyingi sweta hufumwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo anzia begani, si kwenye pindo la chini. Ukianzia chini uzi utakataa na utakasirika bure. Kama viwiko vimetoboka, acha mikono, tumia mgongo. Uzi ukikatika, funga fundo uendelee.

3. Pima na kuosha. Weka viti viwili vikielekeana migongo, ukizungusha uzi kwenye migongo hiyo kadiri unavyofumua. Panga viti ili mzunguko mmoja uwe mita 2. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu mizunguko. Mizunguko 60 ni mita 120. Funga kitita hicho mahali panne kisijitatize, ukitoe, ukioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni bila kukisugua. Kitundike kivulini na kufunga jiwe dogo chini yake. Uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo kama nywele, na jiwe hilo huunyoosha. Ukikauka, uzungushe kwenye gunzi.

4. Fanya duara. Matawi marefu ya mikarakara yaliyokatwa wakati wa kupogoa yanafaa sana. Yapinde yakiwa bado mabichi mpaka yapate duara lenye upana wa sentimita 30, yaani futi moja hivi. Zungusha mara tatu au nne, kisha funga kwa kamba ya katani mahali pengi. Acha siku mbili yakauke. Tafadhali msiingie msitu wa serikali kutafuta matawi. Yaliyo shambani yanatosha.

5. Nenepesha. Zungushia maganda ya mahindi au matambara mpaka duara liwe nene kama mpini wa jembe au zaidi kidogo, kama sentimita 4. Funga kwa kamba ili pasiwe na vilima na mabonde.

6. Zungusha uzi. Funga mwanzo wa uzi kwa nyuma. Pitisha gunzi katikati ya duara, lizungushe, ulipitishe tena, kila mzunguko ukilala karibu na mwenzake kama nyasi za paa. Usivute sana wala usilegeze. Mafundo yote yawe upande wa nyuma.

7. Fanya maua. Zungusha uzi wa rangi ya pili kwenye vidole vinne mara 60. Utoe, ufunge katikati kwa nguvu, kisha kata mapindo ya pande zote mbili na kupunguza mpaka liwe duara kama chungwa dogo. Maua matano yanatosha. Yashone kwa shazia, ukiyakusanya upande mmoja wa chini; yakisambazwa kila mahali hayapendezi.

HESABU YA UZI

Nilizoea kuwafundisha watoto hesabu, basi niruhusuni kidogo. Duara la upana wa sentimita 30 likiwa nene sentimita 4, mzunguko wake katikati ni sentimita 82 hivi. Uzi wa sweta una upana wa milimita 2 hivi, kwa hiyo utaizunguka ile duara mara 410. Kila mzunguko hula sentimita 12 na nusu. Jumla yake ni kama mita 51. Kwa sababu mkono wa mtu si mashine, weka mita 70. Kila ua hula kama mita 10, basi maua matano ni mita 50. Jumla ni mita 120, yaani ile mizunguko 60 ya viti. Mgongo wa sweta letu ulitosha duara na ukabaki, na ile kofia ilitoa maua. Kwa uzi uliobaki mama watoto alifuma soksi za mtoto mchanga.

WENYE KONDOO WA SUFU

Nyinyi mlio katika nchi za baridi na mnafuga Corriedale au Merino, mwaweza kutumia sufu yenu wenyewe ikiwa yupo nyumbani ajuaye kusokota. Sufu hushika rangi ya vitu vya jikoni. Maganda ya nje ya vitunguu yakichemshwa saa moja na kuchujwa hutoa rangi ya manjano iliyokolea hata kukaribia hudhurungi. Tia uzi uliolowa katika maji hayo yakiwa yamepoa, kisha upashe moto pole pole bila kutokota, uuache upoe ndani yake. Sufu ikitiwa ghafula katika maji ya moto na kusukwasukwa hujikunja ikawa kama blanketi. Msihangaike na maji ya kiazisukari chekundu. Rangi yake hupendeza siku ya kwanza, kisha hupotea.

Lakini sweta nyingi za siku hizi si sufu, ni nyuzi za kiwandani, na hizo hazishiki rangi ya vitunguu. Namna ya kujua ni hii: shika kipande kidogo cha uzi kwa koleo, nje ya nyumba, ukichome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA

Kwanza, moto. Shada la uzi lisitundikwe karibu na taa ya mafuta wala jiko, na msiweke mishumaa juu yake hata kama yule mchungaji wa Ujerumani aliiweka kwenye gurudumu lake. Mmekwisha kuona jinsi uzi wa kiwandani unavyoyeyuka. Tone lake huunguza ngozi vibaya.

Pili, wanyama. Watu wengine watawaambia mtumie waya wa ua kufanya duara. Mimi nasema tumieni matawi. Kipande cha waya kikianguka katika majani, ng'ombe hakichagui, hukimeza. Hukaa katika tumbo la pili, na tumbo likijikaza ncha yake hutoboa, na moyo uko karibu hapo mbele. Ng'ombe wa namna hiyo huacha kula, maziwa hukauka, na mara nyingi hapatikani tena. Mabaki ya nyuzi na kamba nayo yakusanywe katika mkebe. Ndama hutafuna kila kitu. Shada lenyewe litundikwe juu, mahali ambapo mbuzi hafiki.

Tatu, majirani. Jambo hili ni la kuchekesha, lakini lilitupata. Asubuhi ya kwanza baada ya kutundika shada letu, mama mmoja jirani alisimama langoni akapiga hodi kwa sauti ya chini. "Karani, poleni sana," akasema. "Ni nani aliyetutoka?" Hapo nikakumbuka kwamba kwetu shada la maua ni la kaburini. Tulimkaribisha chai na kumweleza, naye akacheka mpaka machozi. Basi tumieni rangi za furaha, nyekundu na kijani au manjano, msitumie nyeupe na zambarau, na mtie kengele ndogo au utepe katikati. Yule mama alirudi jioni na sweta lake mkononi. Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, na siku ya Krismasi lilikuwa mlangoni kwake.

FAIDA YAKE

Wazee wetu waliopata mashamba katika mpango wa ekari milioni, ulioanza mwaka 1962, walipokea shamba pamoja na deni la shamba. Wengi wao walijifunza kwa uchungu kwamba awamu ya mkopo haingoji mtu amalize sikukuu. Waliosimama imara hawakuacha kusherehekea. Walichinja kuku wao, wakala viazi vyao, wakaimba. Lakini sikukuu yao ilitoka shambani.

Najua shada moja halilipi karo. Lakini mwaka ule tulipotengeneza letu, tulijizoeza kuuliza neno moja kabla ya kununua kitu chochote cha Desemba: "Je, hiki hakipo nyumbani?" Mara nyingi kilikuwapo. Januari ilipokuja sikwenda mnadani. Mtamba wa mwaka ule yupo zizini, amekwisha kuzaa, na maziwa yake ndiyo yanayomsomesha binti yangu, ambaye sasa ndiye fundi wa mashada hapa kwetu. Alipoulizwa na wenzake shada lake lilinunuliwa wapi, aliwajibu, "Halikununuliwa. Kaka yangu alilivaa miaka mitatu."

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho cha kufungulia mwaka. Shime basi, mabwana na mabibi wa mashamba! Kabla ya kwenda sokoni mwezi huu, fungueni kwanza sanduku la nguo kuukuu.