Jinsi ya kuyalinda magari ya kale katika barabara zenye kasi

Kila mwaka mapema mwezi wa Novemba, mamia ya magari yaliyoundwa kabla ya 1905 huondoka bustani ya Hyde Park jijini London alfajiri na kuelekea Brighton, mji wa pwani ulio umbali wa kilomita 96 hivi. Safari hiyo huadhimisha mwaka wa 1896, Uingereza ilipoongeza kikomo cha mwendo wa magari hadi maili 14 kwa saa, yaani kilomita 23.

Sherehe hiyo iligubikwa na simanzi mwaka wa 2019. Gari moja la 1903 liliiacha njia iliyopangwa, likaingia barabara kuu ya M23 na kugongana na lori. Dereva wake, mzee wa miaka 80, aliaga dunia.

Hatari kubwa inayoyakabili magari ya aina hiyo ni tofauti ya mwendo. Dereva anayekwenda kilomita 100 kwa saa akilifuata gari linalokwenda kilomita 30, pengo kati yao hupungua kwa takriban mita 19 kila sekunde. Akilitambua akiwa mita 150 nyuma, ana sekunde zisizozidi nane za kupunguza mwendo. Akilitambua akiwa mita 50, hana hata sekunde tatu.

Sheria ya Uingereza ya 1865 iliagiza mtu atembee mbele ya gari akiwa na bendera nyekundu, ili kuwaonya wapita njia na wenye farasi. Siku hizo gari ndilo lililohofiwa. Leo hatari hutoka nyuma, na huko ndiko onyo linakopaswa kuelekezwa.

Hatua ya kwanza ni taa. Magari mengi ya zamani yana taa za mafuta au mfumo wa umeme wa volti 6, na mwanga wake wa nyuma ni hafifu mno. Nchini Uingereza, gari lililoanza kutumika kabla ya 1936 halilazimiki hata kuwa na taa za breki. Hata hivyo, kuruhusiwa na sheria si kuwa salama. Balbu za LED hutoa mwanga mkali kwa umeme kidogo, ingawa mwenye gari anafaa kuhakikisha kwanza kwamba zinaoana na mfumo wake, kwa kuwa katika baadhi ya magari ya kale upande chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi. Asiyetaka kuliharibu umbo la asili la gari anaweza kufunga nyuma ubao wenye taa na betri yake, kisha akauondoa safari inapokwisha.

Hatua ya pili ni alama. Katika miaka ya 1960, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walibuni kibao cha pembetatu kwa ajili ya matrekta na vyombo vingine visivyozidi kilomita 40 kwa saa. Sehemu ya katikati, yenye rangi ya machungwa, hung'aa mchana. Kingo nyekundu huakisi taa za magari usiku. Kibao cha namna hii hakina faida kikichafuka kwa matope au kikizibwa na mizigo.

Hatua ya tatu ni mwenendo wa dereva mwenyewe. Inafaa aepuke barabara kuu, giza, mvua na ukungu, na aisome njia kabla ya kuondoka. Ishara za mkono azitoe mapema, kwa kuwa madereva wengi wa leo hawazitarajii. Foleni ikirefuka nyuma yake, asogee kando mahali salama ili wengine wapite. Magari ya kale yakisafiri kwa msafara, yaachiane nafasi ya kutosha ili anayepita apate pa kuingia.

Mafunzo haya hayawahusu wenye magari ya maonyesho pekee. Nchini Kenya, trekta linalorudi kutoka shambani jioni au mkokoteni unaosukumwa kando ya lami hukabiliwa na hatari iyo hiyo. Kiakisi mwanga safi kilichofungwa nyuma hakiongezi kasi ya chombo, lakini humwongezea anayekuja sekunde chache za kukanyaga breki.